Mchana na usiku ndani ya boksi la chatu: kufunga taa zinazojiwasha na kujizima zenyewe

Balbu moja ikipewa kazi mbili, ya kuangaza na ya kupasha joto, lazima kazi moja iharibike. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Ukiizima balbu saa 1 jioni, chatu wako anaganda. Ukiiacha inawaka, hana usiku, na mnyama wa usiku asiyepata giza hujificha, hukataa panya, na akitoka huzunguka ukutani akisugua pua mpaka itoke kidonda. Kwa hiyo mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo moja: mwanga unaongozwa na saa, joto linaongozwa na thamostati (kifaa kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto), na viwili hivyo havishiriki balbu.

Vipimo vilivyomo humu ni vya boksi la sm 120 × 60 × 60 la plaiwudi ya mm 18 lenye kioo mbele. Linamtosha chatu mchanga au nyoka wa nyumba (Boaedon) aliyekomaa. Chatu akifika mita mbili anahitaji chumba, si boksi; mpangilio wa nyaya unabaki ule ule, wati ndizo zinaongezeka. Nyoka wa sumu hawamo humu. Na kabla ya kununua hata waya, hakikisha una kibali. Wanyamapori wanasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 kupitia TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na chatu yumo pia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Saa ngapi iwe mchana?

Miongozo mingi ya mitandaoni imeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanakwambia saa 14 za mwanga kiangazi na saa 9 au 10 baridi ikiingia, kwa sababu kwao ndivyo jua linavyokwenda. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Siku fupi kabisa, ya Juni, ina saa 11 na dakika 46 hivi za jua. Ndefu kabisa, ya Desemba, ina saa 12 na dakika 29. Tofauti haifiki dakika 45 mwaka mzima. Chatu wa hapa hasomi msimu kwa urefu wa siku. Anausoma kwa baridi ya usiku na kwa unyevu wa mvua. Mpe saa 12 za mwanga na 12 za giza, usihangaike kubadilisha.

Anayefuga nyoka wa mbali, kwa mfano nyoka wa mahindi wa Marekani, na anataka azaane, huyo ndiye mwenye sababu ya kupunguza mwanga polepole hadi saa 10 na kuurudisha hadi 14, kwa dakika 30 kila wiki mbili.

Jua la Dodoma linachelewa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Saa zetu zinafuata longitudo 45, mji uko karibu na 35.75, kwa hiyo jua hufika utosini wastani wa saa 6 na dakika 37, si saa 6 kamili. Macheo huchezea kati ya saa 12:10 asubuhi mwanzoni mwa Novemba na saa 12:48 katikati ya Julai. Taa ikiwaka saa 12:45 asubuhi na kuzimika saa 12:45 jioni, inakwenda sambamba na dirisha, na nyoka hapati mapambazuko mawili.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoteleza. Taima haijui saa ya Kiswahili. Saa 12:45 asubuhi kwenye taima ni 06:45, na saa 12:45 jioni ni 18:45. Mtu akiandika 12:45 akidhani ni asubuhi, taa inawaka adhuhuri, nyoka anaamka saa saba mchana, na mwenye nyoka anashangaa kwa nini "amekuwa mvivu". Kanuni: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni ongeza 6 (saa 12 jioni ni 18), na kuanzia saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18 (saa 1 usiku ni 19, saa 5 usiku ni 23). Saa 12 asubuhi ni 06. Andika kwenye karatasi ubandike kando ya taima.

Vifaa

- Utepe wa LED wa volti 12, mita 1, mweupe wa kelvini 5000 hadi 6500, wati 9.6 kwa mita, na adapta ya volti 12 ampea 2. Usinunue ule wa rangi zinazobadilika.
- Spoti ya halojeni ya GU10, wati 50, na holda yake ya kigae.
- Hita ya seramiki ya wati 100 isiyotoa mwanga, na holda ya kigae ya skrubu (E27). Holda ya plastiki itayeyuka. Hilo si suala la bahati.
- Thamostati mbili za STC-1000 za volti 220. Zipo pia za volti 12 zenye sura ile ile, kwa hiyo soma kibandiko.
- Taima mbili za kidijitali zenye betri ndani, ampea 16, kwa mfano THC15A.
- Boksi la umeme lenye mfuniko, breka ya ampea 6, kinga ya mshtuko ya miliampea 30, na waya wa koa tatu wa mm² 1.5.
- Wavu wa chuma mgumu wa matundu yasiyozidi mm 12, kwa vizimba vya balbu.
- Kipimajoto chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini.

Spoti na vya umeme vya kawaida vinapatikana mjini. Seramiki, STC-1000 na taima mara nyingi watu huagiza Kariakoo vikaja kwa basi. Ukinunua GU10 angalia vizuri: siku hizi nyingi dukani ni za LED na zinafanana kwa umbo. Ya LED haitoi joto la kumfaa nyoka. Ya halojeni ina kioo kinachoonyesha kapsuli ndogo ndani, na imeandikwa 50W halisi, si "sawa na 50W".

Kuna kishawishi kimoja nitakitaja kwa jina: ile taa nyekundu ya vifaranga. Inapatikana kila duka la pembejeo, ni rahisi, na muuzaji atakwambia nyoka haoni rangi nyekundu. Anaiona kama mwanga, na ina wati 150 hadi 250, nyingi mno kwa boksi hili. Iache kwa vifaranga. Za buluu zinazouzwa kama "mbalamwezi" ni hadithi ile ile.

Taima za kuzungusha zenye pini 96 za dakika 15 ni nafuu, lakini mota yake inasimama umeme unapokatika. Ukikatika kwa muda wa saa tatu, usiku wa nyoka umesogea kwa saa tatu, na hakuna kitakachourudisha isipokuwa kidole chako. Soketi za intaneti nazo nyingi huchukua saa kutoka kwenye mtandao. Bando likiisha au ruta ikizimika, baada ya umeme kurudi hazijui ni saa ngapi. Betri ya ndani ndiyo unayoilipia kwenye taima ya kidijitali.

Mpangilio: njia tatu

Njia ya kwanza ni mwanga. Taima A inawasha utepe wa LED 06:45 na kuuzima 18:45. Basi.

Njia ya pili ni joto la mchana. Taima B inaruhusu umeme kuanzia 08:30 hadi 17:30, umeme huo unapita kwenye thamostati ya kwanza, kisha kwenye spoti ya halojeni juu ya jiwe bapa upande wa kulia. Ukipata taima moja tu, unganisha njia hizi mbili kwenye taima A. Utapoteza ule ubaridi wa asubuhi kati ya 06:45 na 08:30, lakini hakuna baya.

Njia ya tatu ni joto la usiku. Thamostati ya pili inapata umeme saa 24, haina taima kabisa, na inaongoza seramiki. Imewekwa nyuzi 24. Mchana sensa yake inasoma zaidi ya 24, kwa hiyo seramiki imelala. Taa zikizimika, boksi linapoa taratibu, likigonga 24 kasoro kidogo seramiki inaamka. Hakuna haja ya thamostati ghali yenye programu ya usiku na mchana. Joto lenyewe ndilo linalokabidhiana zamu.

Kufunga

Kama hujawahi kushika breka, mpe fundi umeme kazi hii na umwonyeshe sehemu hii.

Zima swichi kubwa. Laivu na nyutro kutoka ukutani ziingie zote mbili kwenye kinga ya mshtuko, kisha laivu ipite kwenye breka na igawanyike mara tatu. Nyutro inayotoka kwenye kinga, na ethi, ziende moja kwa moja hadi kwenye vifaa. Vizimba vya wavu na holda za chuma vifungwe ethi.

Taima na STC-1000 zote zina kitu kimoja kinachowachanganya mafundi wazoefu: matokeo yake hayatoi umeme. Ndani kuna swichi tupu. Kwenye STC-1000, vituo 1 na 2 ni umeme wa kuiendesha yenyewe, 3 na 4 ni sensa, 5 na 6 ni swichi ya kupasha joto, 7 na 8 ni swichi ya kupoza. Ukifunga balbu moja kwa moja 5 na 6, haitawaka milele. Inabidi utoe kipande cha waya kutoka laivu hadi 5, kisha kutoka 6 hadi balbu, na nyutro ya balbu irudi kwenye nyutro. Taima fuata mchoro uliochapwa ubavuni mwake, wazo ni lile lile.

Boksi la umeme likae nje ya boksi la nyoka, juu ya usawa wa bakuli la maji. Kila waya unaoingia kwenye soketi uninginie chini kwanza ndipo upande, ili maji yakimwagika yadondokee sakafuni, yasifuate waya hadi kwenye plagi. Ziba matundu ya waya kwa silikoni. Sisimizi na mijusi wanapenda ndani ya relei (zile swichi za ndani ya taima na thamostati) kwa sababu kuna vuguvugu, na mjusi mmoja aliyekatiza vituo viwili anatosha kuondoa usiku wote.

Utepe wa LED ubandikwe kwenye dari la boksi ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko. Gundi ya utepe peke yake huachia ndani ya wiki chache za joto la Oktoba, na utepe ukidondoka gundi yake inanasa magamba. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie selotepu wala tepu nyingine ya aina yoyote ndani ya boksi, hata kushikilia sensa. Nyoka akipita juu yake unalazimika kumbandua kwa mafuta ya kupikia, kidole kwa kidole, na magamba mengine yanabaki kwenye tepu. Tumia klipu ya waya yenye skrubu.

Seramiki na spoti ziwe ndani ya vizimba vya wavu, wavu ukae angalau sm 8 kutoka kwenye kifaa pande zote. Uso wa seramiki ya wati 100 hupita nyuzi 200. Nyoka hajui kuruka pembeni anapoungua. Atajizungusha kwenye kitu cha moto na kubaki hapo.

Sensa ya kwanza ilale juu ya jiwe chini ya spoti. Sensa ya pili iwe upande huo huo wa joto, sm 5 kutoka sakafuni, lakini siyo chini kabisa ya seramiki.

Kuweka namba

STC-1000 ina vipengele vinne. F1 ni joto unalotaka, F2 ni tofauti ya kuwasha na kuzima, F3 ni dakika za kusubiri za kompresa, F4 ni marekebisho ya sensa. Thamostati ya mchana weka F1 34, F2 2. Ya usiku weka F1 24, F2 1. F3 iweke 1, haikuhusu. F4 isahihishe kwa kuweka sensa na kipimajoto chako ndani ya glasi moja ya maji vuguvugu. Sensa ikisoma chini kwa nyuzi 0.8, ingiza 0.8; ikisoma juu, ingiza -0.8.

Spoti inawaka kwa mwanga, kwa hiyo ikizimwazimwa na thamostati kila baada ya dakika mbili unapata disko, si mchana. Thamostati hapa ni mlinzi, haipaswi kuwa dereva. Anza na spoti sm 30 juu ya jiwe, subiri saa mbili, soma. Lengo ni nyuzi 31 hadi 33 juu ya jiwe bila thamostati kugusa. Ikifika 34 na thamostati ikaanza kuizima, inua balbu au shuka wati 35. Upande wa kushoto usome 25 hadi 27. Nyoka wa nyumba anaridhika na 29 hadi 31 kwenye jiwe, na usiku hata 21.

Kwenye taima kuna mtego wa vitufe. Mpangilio huzunguka ON, AUTO, OFF, AUTO. Ukitokea OFF ukaingia AUTO saa nne asubuhi, taima inabaki imezima hadi tukio lijalo la kuwasha, yaani kesho. Watu wengi huhitimisha kuwa kifaa ni kibovu na kukirudisha dukani. Mchana pita ON kwanza kisha AUTO. Usiku pita OFF kwanza. Hakikisha pia programu imeshika siku zote saba, maana nyingine huja na Jumatatu hadi Ijumaa tu, na nyoka anapewa wikiendi ya giza.

Jaribu siku tatu bila nyoka

Siku ya kwanza angalia joto kila saa moja. Siku ya pili zima breka kwa saa mbili alasiri, washa, kisha tazama kama taima zimeshika saa na kama kila njia imerudi ilipopaswa kuwa. Fanya hivyo tena saa 3 usiku. Taima ikiwa imepoteza saa baada ya umeme kurudi, haina betri hai. Siku ya tatu soma kiwango cha chini kabisa alfajiri. Chini ya 22 upande wa joto maana yake boksi linavuja hewa ya baridi, au seramiki ni ndogo. Kabla ya kuongeza wati, funika mgongo na ubavu wa boksi kwa sponji la godoro la mm 25, upande wa nje, mbali na hita.

Kwa upande wa LUKU: LED inakula kama yuniti 3.6 kwa mwezi. Spoti saa 9 kwa siku ni yuniti 13.5. Seramiki ikifanya kazi nusu ya usiku mwezi wa Julai ni yuniti 18. Oktoba na Novemba hiyo ya mwisho inakaribia sifuri, lakini miezi hiyo ina tatizo la kinyume. Chumba cha bati kisicho na dari kinapika, na upande wa baridi wa boksi ukipita nyuzi 30 hakuna taima itakayokusaidia. Zima njia ya pili kabisa, acha LED tu, na hamishia boksi ukuta usiopigwa na jua la mchana.

Anayetaka mapambazuko ya kweli

LED inayowaka ghafla inamshtua nyoka mwoga, hasa aliyeletwa karibuni. Tiba ni Arduino Nano (kompyuta ndogo ya kuandikiwa programu), moduli ya saa ya DS3231, MOSFET ya IRLZ44N (swichi ya kielektroniki), rezista ya omu 220 kwenye geti, yaani pini inayoiamuru, na nyingine ya kiloomu 10 kutoka geti hadi hasi, na kishusha volti cha kutoa 5 kutoka 12. Usinunue moduli ya IRF520 inayouzwa kama mbadala. Kwa volti 5 haifunguki vizuri, taa inafifia na MOSFET inachemka. Hasi za adapta, Arduino na MOSFET ziunganishwe pamoja.

Maelezo ya kigeni hupendekeza alfajiri ya saa nzima. Huku jua hupanda wima, na kati ya kiza kuanza kupungua na jua kutokeza ni dakika 20 na kitu. Dakika 25 zinatosha. Mwanga usiupandishe kwa mstari ulionyooka, maana jicho litaona umeruka mwanzoni kisha umesimama. Tumia mraba, ambapo 255 ndiyo mwanga kamili: kiwango = 255 × (dakika ÷ 25)². Dakika ya 5 unapata 10, dakika ya 15 unapata 92, dakika ya 25 unapata 255. Jioni geuza.

Programu iandikwe ili kila sekunde isome saa na kukokotoa kiwango kinachostahili sasa hivi. Ukiandika "ikifika 06:45 anza kupandisha", umeme ukirudi 06:50 imekosa basi, na boksi litakaa gizani mchana kutwa.

Moduli ya bluu ya DS3231 inayouzwa sana, ZS-042, ina sakiti ya kuchaji betri. Ukiweka CR2032 ya kawaida, isiyochajiwa, inaweza kuvimba. Ng'oa rezista ndogo ya omu 200 iliyo karibu na dayodi, au weka LIR2032.

Umeme ukikatika usiku wa baridi

Chatu mzima huvumilia saa chache za nyuzi 20. Kinachomdhuru ni chakula tumboni. Joto likiporomoka usagaji unasimama, panya anaoza ndani, na nyoka anamtapika siku ya pili au ya tatu. Msimu wa kukatikakatika mpe panya mdogo, au subiri. Chupa mbili za lita moja na nusu za maji moto, zilizofungwa kwenye kanga na kuwekwa upande wa joto, zinabeba boksi saa tatu hadi nne.

Kwa sola, hesabu seramiki peke yake: wati 100, nusu ya saa 12, ni wati-saa 600 kwenye usiku mbaya kabisa. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina 1,200, na nusu tu ndiyo ya kutumia. Inatosha kwa usiku mmoja kwa kubanana, bado inveta itachukua yake. LED acha iende moja kwa moja kwenye volti 12.

Weka kifaa cha kuchelewesha umeme, kile cha kulindia friji, mbele ya mfumo wote. Umeme ukirudi haurudi kwa adabu.

Kila wiki, kila mwezi

Kila Jumamosi, saa 1:30 usiku, tazama kama LED imezimika. Relei za taima huungana kwa cheche za kuwasha adapta, na zikiungana taa inakaa usiku na mchana bila kelele yoyote. Vumbi la kiangazi futa kwenye kifuniko cha LED kila mwezi kwa kitambaa kikavu, umeme ukiwa umezimwa. Mvua za kwanza zikija na kumbikumbi, wataingia hata kwenye tundu la waya. Kagua vizimba vya hita, mbawa zilizokauka juu ya seramiki zinanuka kabla hazijashika moto. Na ukitaka kumtazama chatu akitembea, zima taa ya sebuleni inayopenya kwenye kioo, subiri saa mbili baada ya 18:45, elekeza tochi hafifu sakafuni, siyo machoni.